Gego la Mwosha Maiti

Miaka nenda miaka rudi Bi Mwasiti aliosha maiti wa kike mjini pale, na mkono wake haukutetemeka hata siku moja. Leo, kwenye kiti cha daktari wa meno, uling'ang'ania ukingo wake.

"Gego lako halijaoza lote, mama," daktari alisema. "Nikiutoa mshipa ulio ndani ya mzizi kisha nikaziba, utalitafunia miaka mingi. Au tuling'oe."

"Ukiutoa mshipa, litakuwa hai?"

"Litakuwa limekufa, ila litasimama na wenzake."

Maiti hacheleweshwi kuzikwa, ndivyo Bi Mwasiti alivyowahimiza wafiwa maisha yake yote. Leo abebe mfu kinywani, ale naye, alale naye? Na liking'olewa, itambidi alizike kwa mkono wake mwenyewe, maana kitokacho mwilini huzikwa. Kaburi likishaonja kipande, litaacha kuulizia kilichobaki?

"Haya mama, lipi?" Sindano ya ganzi ilikuwa tayari.

Bi Mwasiti alichomoa kitambaa cheupe kifuani, akakitandaza mapajani, akakinyoosha mikunjo taratibu kama anyooshavyo sanda. Kisha akafumba macho na kuachama, vidole vikiwa vimeshika pembe za kitambaa, tayari kulifunga gego.