Sijambo ya Bi Sikudhani

Kila asubuhi simu ilimuuliza, "Hujambo, Bi Sikudhani?" Naye, mtu wa Tanga aliyefunzwa kwamba salamu hujibiwa vizuri hata ukiwa hoi kitandani, alijibu, "Sijambo," huku kifua kikimpigia filimbi.

Kwa mwenye pumu jibu hilo lilikuwa zito. Siku hizi dawa ya kuvuta haifunguki kwa kidole. Simu ndiyo huifungua, kulingana na hali uliyoieleza mwenyewe. Ukisema sijambo, inabaki imefungwa hadi kesho, nawe ushinde ukihema.

Mumewe, Mzee Shekue, akaamua kumfundisha. Akajifanya simu.

"Hujambo?"

"Sijambo."

"Mama Hemedi, jamani. Haya, tena."

Walicheka mpaka mama wa watu akakohoa. Siku ya nne akaweza. Simu ilipouliza, alijibu, "Nimebanwa kifua." Kijitaa cha dawa kikawaka kijani, akavuta, akapumua.

Mara jirani akachungulia dirishani. "Hujambo, mama?"

"Sijambo, mwanangu."

Simu ilikuwa mezani, inasikia. Kijitaa kikazimika.

Tangu siku hiyo hakuna anayemjulia hali Bi Sikudhani. Majirani wameelezwa, wameelewa, wanapita wakimpungia mkono tu. Mzee Shekue akirudi kutoka sokoni huvua viatu, huketi mkabala naye, akatazama kifua cha mkewe kinavyopanda na kushuka. Swali linamfika mdomoni. Analimeza.