Chungu cha Bi Chura

Kinyonga mmoja alikuwa na kijicho asichoweza kukificha, maana kila akipita kwa jirani yake, Bi Chura, ngozi ilimbadilika rangi. Yeye alishinda juani akivizia nzi mmoja, na mwenzake alifuga nzi wadogo wadogo ndani ya chungu cha ndizi mbovu, akiwachotea wanawe kila wakilia njaa.

“Jirani, siri ya hicho chungu ni nini?”

“Hakuna siri. Ndizi zikioza, nzi wanazaana wenyewe.”

“Ananificha huyu,” Kinyonga alijisemea.

Bi Chura alipokwenda kuoga, Kinyonga alikiiba chungu. Nzi wote aliwala. Ule uozo uliojaa vifunza ulimtia kinyaa, akaumwaga mlangoni kwa Bi Chura ili aaibike kwa harufu. Kisha akakisugua chungu kikang'aa, akakaa kusubiri nzi.

Hakuja hata mmoja. Mlangoni kwa Bi Chura, vile vifunza viliota mbawa, nzi wakafumka kama moshi, na watoto wakala bila kuvuka kizingiti.

“Jirani,” aliita Bi Chura, “ahsante kwa kunimwagia. Na chungu kaa nacho tu.”

Kinyonga alibadilika rangi zote anazozijua, na njaa ikabaki ile ile.