Mabega Safi

Dada Mkubwa aliinua mkono, akalitazama bega langu, na mkono ukabaki hewani.

"Hee! Leo hakuna unga?"

Kila asubuhi, kabla hatujafungua milango ya hoteli, msimamizi wetu huyu wa mapokezi hunipangusa mba kwenye koti jeusi. Kushoto, kulia, kisha ukosi, kwa mgongo wa vidole, huku akinitania kwamba nimelala kwenye mashine ya kusaga. Wenzangu hucheka. Mimi hutulia tuli kama mtoto anayevalishwa sare.

Nilishahangaika sana. Sabuni ya kufulia ilizizidisha mba, ndimu ikanichoma, mafuta ya nazi yakazigandisha. Hata shampuu ya dawa ilishindwa, mpaka mfamasia aliponigombeza: "Unaisuuza haraka mno, kaka. Acha povu likae kwanza!" Basi nikawa nakaa bafuni juu ya ndoo iliyopinduliwa, povu kichwani, bila hata mtu wa kupiga naye soga. Kichwa kikatakata.

"Hongera, mdogo wangu," alisema Dada Mkubwa. "Umepona kabisa."

Mkono ukashuka. Akaenda zake kupanga funguo.

Siku nzima niliona kama ukosi wangu umekaa vibaya. Wageni waliacha funguo juu ya kaunta, wakazichukua juu ya kaunta. Hakuna aliyenigusa hata kidole.

Jioni, chumbani kwangu, chupa ya shampuu ilikuwa bado nusu. Niliisukumia nyuma kabisa ya kabati, nikachukua kipande cha sabuni ya kufulia, nikainamisha kichwa.