Upepo wa Fainali

"Mpira huu hauchezwi!" alisema Mama Nachisale, kocha wa timu ngeni, akaupakata kama mtoto aliyegoma kunyonya.

Tiyamike, mwamuzi, alikuwa ameshatia filimbi mdomoni. Akaitoa. Ilikuwa fainali yake ya kwanza ya mpira wa pete, uwanja wa Mponela umefagiliwa hadi unang'aa, na mshindi ndiye angekwenda kucheza Lilongwe. Giza likiingia kabla mchezo haujaisha, fainali ingeahirishwa, na yeye nani angemwita tena?

"Mpira una nini, mama?"

"Kitabu cha sheria kinataka upepo wa kilopaskali sabini na sita. Geji ya pampu yako inasema kumi na moja. Wapi na wapi?"

"Geji inasoma pauni, mama. Pauni moja ni kilopaskali saba hivi."

"Saba hivi? 'Hivi' ndiyo ngapi?"

Wanawake wa Mponela walicheka mpaka togwa ikawatoka puani. Mabinti zao walikwishajipanga, saba, wote warefu. Mfungaji wa Mama Nachisale alikuwa kijisichana kifupi kama kinu.

"Mleteeni ngazi!" mmoja akapaza sauti.

Tiyamike akawaonea huruma wageni. Wanaogopa aibu, alijisemea, ndiyo maana kocha wao anang'ang'ania upepo. Akachuchumaa, akaandika mchangani kwa kijiti: kumi na moja mara saba, sabini na saba.

"Umeona? Tumepita sabini na sita."

"Sijaona. Shule niliiacha mapema, mwanangu. Anza na moja mara saba."

Akaanza. Walipofika tano mara saba, Mama Nachisale akajibu thelathini na sita. Wakarudi mwanzo.

"Hata mbuzi wangu angeshaelewa!" mwanamke mmoja wa Mponela akafoka.

"Basi mlete, anifundishe yeye!"

Kisha Mama Nachisale akataka mpira utolewe upepo wote na kujazwa upya, aone kwa macho yake. Tiyamike akalowesha sindano kwa mate, akaichomeka, akapiga pampu huku kivuli cha goli kikizidi kurefuka. Mshale ukasimama palepale, kumi na moja. Machozi yalimlengalenga.

Mara kabaza, baiskeli ya abiria, ikaingia uwanjani mbio, mwendeshaji jasho tupu. Nyuma yake akashuka msichana ambaye miguu yake ilikuwa imeburuzika vumbini njia nzima kwa urefu wake. Akafungua kitenge, ndani alikwishavaa sare. Kile kijisichana kikamvulia kizibao cha mfungaji bila kuulizwa, kikaenda zake kukaa. Wanawake wa Mponela wakashusha vikombe vya togwa.

Mama Nachisale akaubonyeza mpira kwa kidole gumba.

"Pauni kumi na moja ni sabini na tano nukta nane," alisema. "Umepungua kidogo, lakini sisi si wakorofi. Piga filimbi, mwanangu, mbona unawachelewesha watu?"