Pembe Iliyozibwa

Shomvi, muuza kamera kuukuu, aliweka lenzi mbili juu ya kitambaa. Zote zilikuwa za kupiga picha ya chumba kizima. Ndogo ingeingia mkobani bila shida. Kubwa ilikuwa nzito kama kopo la maziwa, lakini ingetoa picha hata penye mwanga hafifu. Raya alitaka moja ya kwenda nayo kwenye harusi ya mdogo wake, ndani kwa wanawake, ambako hakupenda kummulika bibi harusi kwa flashi.

Alifunga ile ndogo kwenye kamera yake, akachungulia kwenye kidirisha kilicho juu kando ya lenzi. Aliona mlango wa duka, saa ya ukutani na, chini kulia, mama yake kwenye benchi. Mama akavuta kanga hadi machoni, kama kawaida yake kila aonapo kamera. Nyumbani hapakuwa na picha yake hata moja.

Raya akafunga ile kubwa. Safari hii lenzi yenyewe iliziba pembe ya chini kulia ya kidirisha, na mama akapotea.

"Hii inaziba," alisema.

"Inaziba jicho lako tu," Shomvi alijibu kwa sauti ya chini. "Filamu inaona yote."

Raya hakuishusha kamera.

"Nimo humo?" mama aliuliza kutoka kwenye benchi.

"Sikuoni, mama."

"Basi nunua hiyo," mama alisema, na sauti yake haikuwa tena nyuma ya kanga.

Kidole cha Raya kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kupigia picha.