Sheria ya Wanakwaya

"Shikamoo, mama. Naomba ushuke," alisema askari wa barabarani, kijana mwenye sare nyeupe iliyopigwa pasi vizuri.

Felista alikuwa amekaa juu ya magunia yake ya karoti, kwenye lori linaloteremka kutoka Mgeta. Wakulima wa huku husafiri juu ya mzigo wao mpaka mjini, maana gunia lisilo na mwenyewe hufika limepungua. Kamba aliyoishikilia ilikuwa imemchora mstari mwekundu kiganjani.

"Marahaba, baba. Nishuke kwa nini?"

"Kuna sheria mpya. Hakuna kupanda juu ya mzigo, tangu ile ajali iliyoua wanakwaya wa parokia. Tumejifunza, mama."

Felista alishuka taratibu, akikanyaga tairi kama mumewe alivyokuwa akifanya. Alipofika chini hakuiachia kamba.

"Unaiona ile kona?" aliuliza. "Mume wangu alidondoka pale akafa, mwaka juzi, kutoka juu ya karoti hizi hizi. Nilikuja kituoni kwenu nikaomba mkataze watu kupanda. Mkaniambia ni mipango ya Mungu."

Askari alimpungia dereva mkono aende. Dereva akaondoa gari, na kamba ikamchomoka Felista mkononi.

"Sasa yeye hakuwafundisha kitu?"

Kijana alivua kofia, akaigeuzageuza.

"Yule alikuwa mmoja, mama," alisema kwa upole, kama mtu anayetoa pole.