Wimbo Alioupenda Chifu

Chifu Nderitu aliomba wimbo urudiwe mara ya tatu, akainuka kitini, akacheza mbele ya baraza zima. Hodo alizidi kupiga gitaa huku jasho likimtoka, maana wimbo ule ulimwita chifu mwizi.

Hodo aliutunga mwaka wa pili baada ya uhuru, mwaka wa njaa, mahindi ya njano ya msaada yalipofika karibu na Nanyuki kwa lori na kuishia ghalani kwa chifu. Ubeti wa kwanza aliuweka kwa Kikuyu cha baba yake, mtu wa Mweiga. Wa pili, kwa Kisomali cha mama yake, Luul, aliyeuza mbuzi sokoni. Kiitikio kilikuwa cha Kiswahili, asikose mtu wa kuelewa: mahindi yetu yamelala kwa nani?

Alipouimba sokoni mara ya kwanza alingoja askari waje kumkamata. Ukaja mwaliko wa barazani.

Hodo akadhani chifu hajajitambua katika wimbo. Akaongeza ubeti juu ya mtu mwenye pengo la meno mawili. Chifu, pengo lote nje, alicheka mpaka akashika mbavu. Hodo akaongeza pikipiki nyekundu ya chifu, akaongeza na nyumba yake iliyoezekwa mabati mapya. Chifu akaagiza walimu wawafundishe watoto, wauimbe kila asubuhi bendera ikipandishwa. Kina mama wakauimba wakichimba mitaro ya barabara. Kwaya ya kanisa ikautia sauti nne, ikashinda kikombe kwenye mashindano ya Nyeri, na chifu mwenyewe akaenda kukipokea.

Ghala likabaki na kufuli lake.

Luul alimsihi binti yake aachie hapo. Kibali cha kuuza mbuzi kilitoka kwa chifu, na nyumba nzima ilikula kwa kibali hicho. Kwa wiki mbili Hodo akakataa kushika gitaa.

Kisha asubuhi moja, akipita kando ya shule, aliona mtoto akianguka kwa njaa katikati ya kiitikio. Wenzake walisogea kidogo kumpa nafasi ya kulala, wakaendelea kuimba. Mwalimu naye aliendelea kuwapigia mdundo kwa fimbo.

Hodo alimbeba mtoto hadi nyumbani kwa Luul, akampa maziwa, kisha akaenda moja kwa moja ofisini kwa chifu. Hakubisha hodi.

“Chifu, yule mtu wa kwa ile wimbo ni wewe. Kutoka mwanzo mpaka mwisho, ni wewe.”

Nderitu aliweka kalamu chini, akamwonyesha kiti, akamtazama kwa upole kama baba.

“Nilijua siku ya kwanza, binti yangu,” akasema. “Lakini ningekufunga, watu wangeanza kusikiliza maneno ya wimbo.”